Büyük Han: Lango Moja, Wenye Funguo Wanne

Mchana, kwenye ua wa Büyük Han mjini Nicosia, mtu wa Dodoma au wa Kakamega anaweza kuletewa sahani akabaki anacheka peke yake. Ni mlenda. Wenyeji wanauita molohiya. Huyaanika majani mpaka yakauke, wakayapika na kuku au nyama ya kondoo, nyanya na kitunguu saumu, kisha wakayakamulia limau. Lakini mlenda ni mlenda, na utelezi wake haufichwi na limau. Meza zimepangwa juu ya mawe, pale ambapo zamani ngamia walipigishwa magoti na nyumbu wakatuliwa mizigo. Ua umezungukwa na baraza za matao, ghorofa juu ya ghorofa, na ndani ya baraza hizo imefuatana milango midogo inayolingana. Mingi kati yake siku hizi ni milango ya maduka.

Jina ni la Kituruki, na maana yake ni Han Kubwa. Han ni nyumba ya kufikia wasafiri, hasa wafanyabiashara: mtu anapata pa kulala, mzigo wake unapata ghala, mnyama wake anapata maji na majani, na kukicha biashara inafanyika papo hapo. Sisi wa Pwani tuna musafirkhana, na hiyo "khana" ni nyumba kwa Kiajemi, ile ile iliyojificha ndani ya neno karakana. Kwa hiyo taasisi hii si ngeni kwetu kama jina lake linavyosikika. Mwaka 2022 Büyük Han ilitimiza miaka 450. Katika muda huo imeshikwa na watu wa namna nne: wenye nyumba ya wageni, askari jela, maskini wa mji, na sasa wenye maduka. Wote wameingia kwa malango yale yale, na ramani ya jengo haikumkatalia hata mmoja wao.

Kisiwa chenyewe ni Kupro, ambacho Biblia ya Kiswahili inakiita Kipro. Tangu 1489 kilikuwa chini ya Waveneti, na Waveneti hao walipoona Waothmani wanakuja, walianza mwaka 1567 kuuzungushia mji wa Nicosia ukuta mpya wa duara wenye ngome 11. Ili wapate nafasi na mawe walibomoa majumba na makanisa, hata nyumba ya watawa walikozikwa wafalme wa zamani wa kisiwa. Hasara hiyo haikuwaokoa. Mji ulizingirwa kiangazi cha 1570 na ukaangushwa tarehe 9 Septemba mwaka huo huo; Famagusta, bandari kuu, ikafuata Agosti 1571.

Mwaka uliofuata, 1572, han ikajengwa. Haraka hiyo ina maana yake. Msikiti mkuu watawala wapya hawakuhitaji kuujenga: walilichukua kanisa kuu la Mtakatifu Sophia, ambalo ujenzi wake ulianza 1209, wakalitia mihrabu na minara. Majumba ya kukaa waliyakuta. Nyumba ya wageni ilibidi waijenge. Mji uliotoka vitani hauna cha kutoza kodi mpaka mfanyabiashara arudi, na mfanyabiashara harudi mahali asipoweza kulala bila kukesha akilinda mali yake. Walianza na kitanda chake, ushuru ukafuata.

Aliyeijenga ni Muzaffer Pasha, gavana wa kwanza wa Kiothmani kisiwani. Husimuliwa kwamba gharama alizipata kwa kumtoza kila Mkupro para mbili, sarafu ndogo za wakati huo, na kwamba sultani aliposikia habari ya kodi hiyo aliamuru pasha auawe. Hadithi za magavana waliokatwa vichwa ziko nyingi katika miji ya Waothmani, na mimi si mwepesi wa kuziamini zote. Ila hii ina ladha ya watu wenyewe: wanajua mawe yale yalilipiwa na mababu zao, para kwa para.

Kwa nje, Büyük Han haina makaribisho. Ni mraba wa mawe ya kuchonga, rangi ya mchanga, na ukuta uliofumba. Madirisha yaliyopo ni madogo, mengi yako juu, mtu wa barabarani hafikii. Mgeni asiyejua angedhani ni boma la askari. Kuna malango mawili tu, la mashariki na la magharibi. La mashariki ndilo kubwa, linatazama uwanja wa Asmaaltı, na upande huo wa nje kuna maduka yaliyokuwapo tangu mwanzo, migongo yao kwenye ukuta wa han na nyuso zao sokoni. Biashara na mji ilikuwa nje, biashara ya wasafiri ndani, na kati yao ukuta mmoja.

Malango ya nyumba za namna hii hupimwa kwa ngamia mwenye mzigo pande zote mbili. Mlango wa binadamu ungetosha nusu ya upana huo. Ukipita chini ya tao lenye dari ya mawe, giza linakushika hatua chache, kisha ua unafunguka wote kwa mara moja. Fundi aliyejua kazi yake ndiye anayekupitisha gizani kabla ya kukuonyesha mwanga, na wageni wengi husimama hapo bila kujua ni nini kimewasimamisha.

Ndani, kila kitu kinatazama katikati. Vyumba ni 68 katika ghorofa mbili, vimepangwa pande zote nne za ua, na mbele yake inapita baraza yenye nguzo na matao yaliyochongoka kileleni. Neno baraza linafaa hapa kuliko "korido", maana inafanya kazi ile ile inayofanya mbele ya nyumba za kwetu: ni nusu ndani na nusu nje. Kiangazi cha Nicosia joto hupita nyuzi 40, na baraza hiyo huuweka mlango kivulini. Wakati wa baridi mvua hainyeshei kizingiti. Chini palikuwa pa maghala, maduka na kazi zenye uzito. Juu palikuwa pa kulala. Mpango huo ni wa akili ya kawaida kabisa: gunia halipandishwi ngazi, na aliyelala ghorofani anaona mali yake uani akitoka tu mlangoni.

Panda ghorofani uingie chumba kimoja. Ni kidogo, ukuta mnene, dari ya mawe iliyopinda. Mlango ni mfupi. Kuna kidirisha, na kuna meko ukutani. Hayo meko ndiyo ya kutazamwa kwa makini, kwa sababu yanaeleza maisha yote ya humo. Mgeni wa han hakupewa chakula wala kitanda kilichotandikwa. Alikuja na mkeka wake, blanketi lake na sufuria yake, akapewa kuta nne, ufunguo na mahali pa kuwasha moto. Moshi ulitoka kwa dohani za mawe zilizosimama darini, nyembamba, zenye pande nyingi na kichwa kama cha mnara. Ukitazama paa kutoka upande wa pili wa ua unaziona zimepangana. Jioni ya majira ya baridi, mtu angeweza kuhesabu wageni kwa kuhesabu dohani zinazotoa moshi.

Halafu vyumba vinafanana. Nyumba kubwa za tajiri zina ukumbi na vijichumba, vya mbele na vya nyuma; han haina heshima ya namna hiyo. Mwenye mzigo wa hariri na mwenye mzigo wa ngozi walipata nafasi sawa na meko sawa. Usawa huu haukuletwa na wema. Uliletwa na hesabu: kitu kinachokodishwa kwa usiku ni rahisi kukiendesha kikiwa na kipimo kimoja. Nitaurudia usawa huu, kwa sababu ndio uliokuja kuiponza han, na ndio uliokuja kuiokoa.

Katikati ya ua umesimama msikiti mdogo sana, wenye pande nane na kuba moja, nao haukanyagi ardhi. Umebebwa na nguzo za mawe, ngazi inapanda ubavuni, na chini yake, katikati ya zile nguzo, pana maji ya kutawadhia. Mtu akiutazama kwa haraka anaona pambo. Akikumbuka ua ulikuwa umejaa nini, sababu inajieleza yenyewe: chini kulikuwa na samadi, magunia na nyumbu wanaorusha mateke, na mahali pa kusujudu panataka tohara. Mwashi akainua msikiti juu ya yote hayo, na nafasi iliyobaki chini akaipa maji, ambayo mwenye kuswali anayahitaji kabla hajapanda. Wazo hili halikuzaliwa Kupro. Koza Han ya mjini Bursa, iliyojengwa 1491 kwa amri ya Sultani Bayezid wa Pili, ina msikiti wa aina hiyo hiyo juu ya nguzo. Ile ya Bursa ilikuwa wakfu: kodi ya wafanyabiashara wa hariri ilitunza msikiti wa sultani na majengo yake kule Istanbul. Wazee wetu wa Mombasa na Unguja waliotoa nyumba za maduka kuwa wakfu wa msikiti wangeuelewa mpango huo bila mkalimani.

Majina ya han yamebadilika. Kwa muda iliitwa Han ya Waalanya, yaani watu wa Alanya, mji wa pwani ya Anatolia ng'ambo ya bahari; inaelekea wafanyabiashara wa huko ndio waliofikia humo zaidi. Karne ya 17 ikajengwa nyingine jirani, ndogo kuliko hii, inayoitwa Kumarcılar Hanı, Han ya Wacheza Kamari. Hapo ndipo hii ya kwanza ilipoanza kuitwa Kubwa. Kabla ya kuwapo ndogo, hakuna aliyehitaji kusema kubwa.

Kisha wakaja Waingereza. Mwaka 1878 walipewa kisiwa wakiendeshe, huku sultani akibaki mwenyewe kwa jina, na moja ya mahitaji yao ya mapema lilikuwa jela. Hawakujenga. Walizunguka mji wakaona nyumba yenye ukuta uliofumba, malango mawili tu, ua wa kutazamia watu, na vyumba 68 vya kipimo kimoja vyenye milango mifupi. Ingekuwa taabu kuchora jela iliyo bora zaidi. Büyük Han ikawa jela ya mji.

Hapo ndipo ninapoona undani wa jengo hili. Kwa miaka 300 lango lilifungwa usiku ili mwizi asiingie. Sasa likafungwa, usiku na mchana, ili aliyemo asitoke. Jiwe halikusogezwa; kilichogeuka ni upande wa komeo. Baraza iliyompa mgeni kivuli ikampa askari njia ya doria. Kidirisha kilichomficha mfanyabiashara kikamnyima mfungwa mwanga. Na ule usawa wa vyumba, ambao kwa hancı, yaani mwenye kuendesha han, ulikuwa urahisi wa kutoza kodi, kwa mkuu wa jela ukawa urahisi wa kuhesabu vichwa.

Msomaji wa Mombasa hatashangaa. Fort Jesus, ngome ya Wareno, Waingereza hao hao waliifanya jela mwaka 1895, na ikabaki jela mpaka 1958. Serikali ya kikoloni ilikuwa na jicho la kuona kuta zilizokwisha kulipiwa na mtu mwingine. Kule Nicosia iliwachukua muda mfupi zaidi: katika miaka ya 1890 ilijengwa jela kuu mpya nje ya kuta za mji, na Büyük Han ikaachiliwa.

Ilirudia kazi ya wageni, lakini wageni wenyewe walikuwa wamepungua hadhi. Barabara mpya, hoteli na magari vilimchukua mfanyabiashara, na aliyebaki kutaka chumba kimoja chenye meko alikuwa maskini. Polepole han ikawa makao ya familia zisizo na pengine pa kwenda, hadi miaka ya 1960. Waandishi wengi wa habari za jengo hili hupita kipindi hicho kwa sentensi moja, kana kwamba ni aibu ya kuharakishwa. Naona wanakosea. Pasha ametajwa, jela imetajwa, waliorudisha jengo katika sura yake wametajwa. Waliokinga mabeseni chini ya dari inayovuja, wakaziba ufa kwa udongo ili mtoto asilale kwenye maji, hawana kibao. Nyumba ya mawe isiyo na mtu huanza kufa siku mvua inapopata njia ya kwanza, na zile familia, kwa kuishi tu, ziliiweka hai hata mafundi, walipokuja baadaye, wakakuta cha kutengeneza.

Mafundi walichelewa, kwa sababu mji uligawanyika. Desemba 1963, baada ya mapigano kati ya Wakupro wa Kigiriki na wa Kituruki, jenerali wa Kiingereza alichora mstari juu ya ramani ya Nicosia kwa penseli ya kijani, na mpaka leo unaitwa Mstari wa Kijani. Mwaka 1974 yakatokea mapinduzi yaliyochochewa na watawala wa kijeshi wa Ugiriki, Uturuki ikaingiza majeshi, na mstari ukawa mpaka wa kweli. Han ilibaki upande wa kaskazini, mwendo mfupi kwa miguu kutoka kwenye vizuizi, ndani ya dola ambayo hakuna nchi inayoitambua isipokuwa Uturuki. Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya watu wanaopita ikajikuta mahali pasipopitika.

Matengenezo makubwa yalifanyika miaka ya 1990, na vyumba vikafunguliwa tena kwa maduka, karakana za mafundi na migahawa. Mwaka 2003 watu wakaruhusiwa kuvuka mstari kwa mara ya kwanza baada ya miaka 29, na Aprili 2008 ikafunguliwa njia ya Mtaa wa Ledra, ambayo kwa mwenda kwa miguu ndiyo iliyo karibu na han. Wateja waliokatwa na penseli wakarudi.

Ni maduka gani yanayoingia humo? Hapa tena ramani imeamua kabla ya mpangaji. Kuta ni nene na kila chumba kimebeba dari yake ya mawe, kwa hiyo huwezi kuunganisha vinne upate duka kubwa. Kampuni yenye vioo virefu na taa nyingi haina la kufanya mle. Anayetosha ni fundi mmoja na meza yake. Utakuta mwanamke anauza vitambaa vya Lefkara, taraza nyeupe inayohesabiwa uzi kwa uzi. Kijiji cha Lefkara kiko kusini ya mstari, na familia za Kituruki zilizohamishwa kutoka huko zilivuka na ufundi huo vidoleni. Utakuta mapambo yaliyotengenezwa kwa vifuko vya viwavi wa hariri, na vikaragosi vya ngozi vya Karagöz, yule mcheshi wa michezo ya vivuli ambaye Wagiriki nao wanamdai kuwa wao. Kwa kuwa chumba hakina dirisha la kuonyeshea bidhaa, bidhaa zinatoka zenyewe: zinaning'inia kwenye nguzo, zinalala barazani, na baraza inakuwa duka kuliko duka.

Usawa ulioifanya han kuwa jela rahisi ndio unaoilinda leo na tajiri mmoja asiimeze yote. Sisemi kwamba hakuna kilichopotea. Meko yamezimika, na mengine yamewekwa rafu. Moshi haupiti tena kwenye dohani. Kuna pia tatizo ambalo mjenzi wa 1572 hakuliwaza: kwake juu palikuwa pazuri kuliko chini, kwa sababu juu kulikuwa mbali na samadi na karibu na upepo. Mnunuzi wa leo amekaa uani, kahawa mbele yake, na hapendi kupanda ngazi. Mpangaji wa chini anamwona mteja anapoingia langoni. Wa juu anamwona akitoka.

Hata hivyo ukitaka kujua bahati ya jengo hili, litazame pamoja na ndugu zake wa mbali. Uingereza nayo ilikuwa na nyumba za namna hii kwa ajili ya magari ya farasi: lango pana, ua mrefu, baraza za mbao ghorofani, mabanda ya farasi nyuma. Southwark, ng'ambo ya Mto Thames, nyumba ya George ilijengwa upya 1677 baada ya moto wa mwaka uliotangulia, ikiwa imezunguka ua wake pande tatu. Reli ilipowachukua abiria wake, reli hiyo hiyo ikawa mwenye nyumba, na mwaka 1889 kampuni ya Great Northern ikabomoa pande mbili ipate maghala. Umebaki upande mmoja, chini ya uangalizi wa shirika la National Trust tangu 1937, na watu wanakwenda kunywa bia wakitazama ua usio na upande wa pili. Ua wa Nicosia bado una pande zote nne.

Anayekwenda na avuke Ledra kwa miguu, pasipoti mkononi, aulize njia ya Asmaaltı na aingie kwa lango la mashariki. Ale mlenda akipenda. Lakini asiishie uani: apande ngazi, azunguke baraza yote ya juu, na kama ana cha kununua, anunue huko.